Tumbo Kwanza, Manyoya Baadaye: Kusafisha Mawindo Madogo Kasungami

Kasungami iko pembeni mwa Lubumbashi, katika Commune Annexe, pale nyumba za mji zinapokutana na mabaki ya misitu ya miombo. Kiangazi, pori linapochomwa, wawindaji hufuata ukingo wa moto pamoja na mbwa wao, wakimvizia ndezi, ambaye Wakongo wengi humwita simbiliki, na sungura wa porini, na kanga, na kabuluku, yule paa mdogo wa vichakani. Nyama hiyo huingia mjini kwa baiskeli. Mara nyingi mnyama hufika hajapasuliwa, ili mnunuzi aone kwa macho yake anachonunua.

Makala hii inaupinga utaratibu huo. Tumbo la mnyama mdogo lifunguliwe porini, mapema iwezekanavyo, na habari ya manyoya ingoje.

Sababu iko ndani ya mnyama mwenyewe. Ndezi hula nyasi ngumu, matete na miwa, na chakula hicho huchachushwa na vijidudu katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Mnyama akifa, vijidudu hivyo haviachi kazi. Gesi hujaa, ukuta wa utumbo hulegea, na uchafu huanza kupenya kwenye nyama ya ubavu na kiuno. Bakteria wengi wa nyama huzaliana vizuri kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na baadhi yao, wakipata joto linalowafaa, huongezeka maradufu kwa muda wa dakika 20 hivi. Jua la Oktoba Lubumbashi hupita nyuzi 30. Mnyama aliyefungwa ndani ya mfuko wa plastiki nyuma ya baiskeli amewekwa mahali pa kuozea.

Kazi yenyewe haihitaji vifaa vingi: kisu kifupi chenye makali, kamba nyembamba, maji safi katika dumu, sabuni, na glavu zikipatikana. Mnyama hulazwa chali au huning'inizwa kwa miguu ya nyuma. Ngozi ya tumbo huinuliwa kwa vidole, hutobolewa kidogo, kisha vidole viwili huingizwa chini yake na kisu hupita katikati yao, makali yakitazama juu. Mkono ukiwa hapo, ncha ya kisu haigusi utumbo. Njia ya haja kubwa huzungushiwa kisu na kufungwa kwa kamba, na umio hufungwa vilevile kabla ya kukatwa. Kibofu cha mkojo hutolewa kikiwa kizima. Nyongo ya sungura au kanga ikipasuka, sehemu iliyopakwa ukijani ikatwe na kutupwa, kwa maana uchungu wake hautoki kwa maji. Baada ya hapo kifua na tumbo hupanuliwa kwa kijiti ili hewa ipite. Huko porini hewa kavu na kivuli huilinda nyama kuliko maji ya kijito yenye matope.

Kuchuna sungura ni rahisi. Ngozi yake ni nyembamba na imeshikana kidogo na nyama. Hukatwa kwa upana katikati ya mgongo, halafu mikono miwili huivuta, mmoja kuelekea kichwani na mwingine kuelekea mkiani, ikavuka kama soksi. Kabuluku huhitaji subira zaidi. Kisu huzungushwa juu ya kwato, hupasua upande wa ndani wa miguu hadi kwenye mpasuo wa tumbo, na kuanzia hapo ngumi hufanya kazi kuliko kisu, kwa sababu ngumi haitoboi ngozi wala haikati nyama. Upande wa nje wa ngozi usiiguse nyama hata kidogo. Kanga, maji yakiwa haba, huchunwa pamoja na manyoya yake. Kutoa gole na firigisi kusisahauliwe.

Ubishi mkubwa uko kwa ndezi. Wengi hawamchuni kabisa, kwani ngozi yake ni chakula kitamu na hupasuka upesi ikivutwa. Humbabua juu ya moto wa kuni, kisha humkwangua. Njia ya pili ni kummwagia maji ya moto na kung'oa manyoya kwa mkono. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Joto hilo linatosha kabisa, na likizidi muda ngozi huiva na kuchanika. Anayependa ladha ya moshi na ababue kwa kuni kavu. Kipande cha tairi au plastiki kisitiwe motoni kamwe, maana sumu ya moshi wake hubaki kwenye ngozi itakayoliwa na watoto.

Mchunaji naye yuko hatarini. Virusi vya mpox, ambavyo mgonjwa wavyo wa kwanza wa kibinadamu alitambuliwa nchini Kongo mwaka 1970, viliwahi kupatikana katika kindi wa msituni nchini humu mwaka 1985. Kidonda mkononi kifunikwe kabla ya kazi. Viroboto huuhama mwili unaopoa na kutafuta damu nyingine, jambo zito katika nchi ambayo mkoa wake wa Ituri bado unaijua tauni inayoenezwa na viroboto. Na mnyama aliyekutwa amekufa bila sababu inayojulikana, hasa anayetoka damu nyeusi isiyoganda puani, asifunguliwe: hewa huwasaidia bakteria wa kimeta kutengeneza mbegu zinazodumu ardhini miaka mingi. Mwezi Aprili 2025 kimeta kiliua viboko wapatao 50 katika hifadhi ya Virunga. Aliyenaswa kwenye mtego na kuvimba tumbo pia aachwe, hata kama njaa ipo.

Ini lenye madoa meupe litupwe. Huku Katanga kuna tahadhari ya ziada: ini na figo hukusanya madini mazito kama risasi na kadimiamu, hivyo mnyama wa karibu na migodi au viwanda vya shaba asiliwe viungo hivyo. Nyama iliyozunguka jeraha la bunduki ikatwe kwa upana, kwa kuwa vipande vya risasi husambaa mbali na tundu linaloonekana.

Uwindaji unaongozwa na Sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, yenye vibali na misimu yake. Kakakuona haguswi; akinaswa, afunguliwe.

Nyumbani, nyama isiyopikwa siku hiyo hukatwa vipande vyembamba, hutiwa chumvi na kukaushwa juu ya moshi wa kuni. Inayoingia sufuriani juu ya mbabula (jiko la makaa) ipikwe hadi ndani kusibaki wekundu. Beseni, ubao na kisu huoshwa kwa sabuni na javeli kabla ya kugusa mboga. Matumbo mabichi wasipewe mbwa, kwani minyoo hurudi kwa watu kupitia kwao. Yazikwe pamoja na ngozi isiyotumika, katika shimo lenye kina cha kuwashinda mbwa kufukua, mbali na kisima na upande wa chini wa mteremko, kwa sababu visima vifupi vya mitaa ya pembeni hupokea haraka chochote kinachopenya ardhini.