Nani Hasa Ni Ofisa wa Chama?

Msikilizaji, leo tunaangazia New Zealand, ambako sheria ya vyama vilivyosajiliwa ya mwaka 2022 imechukua nafasi ya ile ya 1908. Inagusa klabu za michezo, vikundi vya sanaa, hata vyama vya wahamiaji.

Kila mjumbe wa kamati ni ofisa, hata asiye na cheo. Hapo hapana ubishi. Ugumu uko kwa walio nje ya kamati. Sheria haitazami jina la cheo. Inatazama kama nafasi hiyo inampa mtu ushawishi mkubwa katika uendeshaji wa chama. Meneja wa kuajiriwa anayeamua fedha ziende wapi ni ofisa, ingawa hapigi kura kamatini. Kocha wa watoto, kwa kawaida, si ofisa. Na mlezi wa chama je? Ulizeni anaamua nini.

Ofisa lazima awe ametimiza miaka 16, akubali kwa maandishi, kisha atende kwa nia njema na kwa manufaa ya chama. Kumbebesha mtu wajibu huo bila kumweleza ni kumdhulumu. Kwa hiyo ndugu zangu, zipitieni nafasi zenu moja moja kabla ya uchaguzi, na anayeguswa aambiwe mapema.