Deni la Chupa: Kampuni, Jamii na Taka za Nakuru
Mhadhara wa umma, Kiamunyi



Jaa la Gioto haliko mbali na tulipoketi. Upepo ukigeuka, pua hutangulia macho. Limekaa juu, kwenye mteremko wa Menengai, na Ziwa Nakuru liko chini; mvua haihitaji kuelekezwa njia. Ziwa hilo ndilo la kwanza ambalo Kenya ililiingiza katika Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu, mwaka 1990.

Kampuni nazo huja kutusaidia na taka hizo. Huja na fulana, glavu, miche, na mapipa ya rangi tatu yenye nembo. Sidharau, pipa ni pipa. Lakini likijaa, nani hulimwaga, na wapi? Mara nyingi safari huishia kule kule jaani, rangi zote tatu zikachanganyika ndani ya lori moja.

Wa umri wangu mnaikumbuka soda ya chupa ya kioo. Ulikuwa huondoki nayo dukani bila kuacha pesa ya chupa. Mtoto akiiona imetupwa, hakungoja semina ya mazingira, aliikimbilia. Chupa ilirudi dukani, kreti ikarudi kiwandani, kwa sababu ilikuwa na mwenyewe na ilikuwa na bei. (Betri kuukuu za redio hazikuwa na bei, na sote tunajua tulizitumbukiza wapi. Choo hakisemi.) Ilipokuja chupa ya plastiki, kinywaji kilibaki cha kampuni, chupa ikawa yetu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoiita miradi hii ya kampuni ukarimu. Dawa ya deni ni kulipa, na anayelipa deni hapigiwi makofi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imelisema hilo kwa lugha ya wanasheria: mzalishaji anawajibika kwa bidhaa yake hata baada ya mteja kuimaliza. Kabla ya hapo, mwaka 2018, wenye viwanda walikuwa wameunda PETCO Kenya kushughulikia chupa za plastiki. Marufuku ya mifuko ya plastiki, ya Agosti 2017, ilikuwa nyepesi zaidi kutekeleza: mfuko ulikatazwa, basi. Chupa haikukatazwa, kwa hiyo lazima irudishwe, na kurudisha kuna gharama.

Gharama hiyo leo inabebwa na mgongo wa mwokotaji. Anachambua juani, anajaza gunia, kisha anamfikia broka mwenye mizani yake na bei yake. Mwokotaji huyo hakosi elimu ya mazingira; anaweza kutufundisha sisi. Anachokosa ni banda la kukinga mzigo na mvua, mizani asiyoitilia shaka, na mnunuzi ambaye bei yake ya Jumatatu haitabadilika Ijumaa. Vivyo hivyo kwa taka zinazooza. Vikundi vya hapa Nakuru, chini ya chama chao cha NAWACOM, vilishaonyesha kwamba maganda ya sokoni hugeuka mbolea. Mbolea inataka soko, na Bonde la Ufa limejaa mashamba makubwa ya kampuni yanayoweza kuinunua.

Kampuni ikinialika kwenye uzinduzi wa mapipa, nitakwenda, na fulana nitavaa. Ila nitauliza mkataba wa kununua uko wapi, ni wa miaka mingapi, na kilo ni shilingi ngapi.