Woga wa Ndege Ndogo



Mkazi wa Kabuga, mashariki ya Kigali, hana haja ya kwenda uwanjani Kanombe kutazama ndege. Huinua macho tu akaziona. Ikipita ndege kubwa ya abiria, hapana ashtukaye. Ikipita ndege ndogo ya watu watano, ikiyumbishwa na upepo, utasikia mtu akiapa kwamba hataipanda kamwe. Naye huyo huyo hupanda basi linalofuatana na malori ya Rusumo, wala haulizi habari za breki.

Woga huo una historia. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, aina ya Falcon 50, ilidunguliwa ikikaribia kutua Kanombe. Watu wote 12 waliokuwamo walikufa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyokuwa yameandaliwa kabla, yakaanza. Lakini ndege ile iliangushwa kwa makombora, si kwa udogo wake.

Hata hivyo, haifai kuwacheka wanaoogopa. Nchini Marekani, ndege ndogo za watu binafsi hupata takriban ajali moja ya kuua katika kila saa 100,000 za kuruka. Mashirika makubwa ya abiria yako mbali sana na kiwango hicho. Sababu kubwa ni utaratibu. Shirika lina marubani wawili, wapangaji wa safari, na kanuni inayokataza kuruka hali ya hewa inapochafuka. Rubani wa ndege ndogo mara nyingi yu peke yake, na nyuma yake ameketi mkubwa mwenye haraka.

Nchi yetu nayo ni ya milima. Kanombe iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo injini hupungukiwa nguvu na ndege huhitaji masafa marefu zaidi ili ipae. Ukungu ukishuka, kilima hakionekani.

Jirani zetu wa Kenya waliyaona hayo tarehe 10 Aprili 2006. Ndege ya jeshi lao la anga, aina ya Y-12, ikiwa na wajumbe wa amani, iligonga kilima karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walikufa.

Ndugu askari, mmefunzwa kutii mkubwa. Lakini kanuni za kimataifa za usafiri wa anga humpa rubani kiongozi uamuzi wa mwisho. Ofisa akiambiwa kwamba leo hapafai kuruka, wajibu wake ni kujibu: tutakwenda kesho. Amshukuru rubani huyo, asimwite mwoga. Nyota za begani hazitawanyi ukungu.

Wahenga walisema: kawia ufike.