Mafunzo ya Usalama Kazini Siyo Kusaini Karatasi

(Mada iliyotolewa kwenye mkutano wa vijana, tarehe 30 Aprili)



Juzi tarehe 28 ilikuwa Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi duniani. Kesho ni Mei Mosi. Katikati ya fulana za juzi na maandamano ya kesho, nimeomba nizungumzie jambo dogo ambalo kwenye hotuba huwa linarukwa: nani anamfundisha kijana kazi siku ya kwanza, na anamfundishaje?

Mtoto wa shangazi yangu alipata deiwaka kwenye kiwanda kimoja cha plastiki, sitakitaja. Asubuhi ile waliingizwa chumbani kumi na kitu, wakapewa karatasi mbili za Kiingereza, wakaambiwa "saini hapa". Dakika tano, kwisha. Akapelekwa kwenye krasha, ile mashine ya kusaga plastiki. Aliyemfundisha ni jirani yake wa zamu, kwa sentensi moja: usiingize mkono hapo. Wiki ya tatu plastiki ikakwama. Akabonyeza kitufe cha kuzima, akaingiza mkono aichomoe. Mwenzake wa upande wa pili, ambaye alikuwa hamwoni, akawasha. Vidole viwili vikaenda. Familia ilipofika ofisini ikaonyeshwa ile karatasi: amefunzwa, saini yake hii hapa.

Sasa mafunzo kwa vitendo yangekuwaje? Wala siyo semina ya hotelini. Fundi anasimama na mgeni kwenye mashine yenyewe. Anazima swichi kuu, siyo kitufe tu. Anaifunga kwa kufuli na ufunguo unaingia mfukoni mwa yule atakayeingiza mkono, siyo kwa supavaiza. Halafu anajaribu kuwasha ili aone kweli haiwaki. Hapo ndipo mkono unaingia. Kisha mgeni naye anafanya, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, fundi anamtazama. Nusu saa inatosha. Kufuli bei yake mnaijua.

Au tuchukue mtungi wa kuzimia moto. Upo kila ukuta, hata pale mnapofanya kazi upo. Ni wangapi humu wameshawahi kuushika wakauchomoa pini? (Naona mikono minne. Na mmoja ni askari mgambo, simhesabu.) Ukiusoma tu ukutani, siku ya moto utamwagia kwenye miale kwa sababu ndiyo unayoiona, wakati inatakiwa ulenge chini, kwenye kinachoungua, ukipeleka mpira kushoto na kulia. Jambo hilo mkono unalijua baada ya kulifanya. Kichwa peke yake, kwenye moshi, kinasahau.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, ipo, na OSHA ipo kuisimamia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao upo kwa sheria ya 2008, ila fidia inakuja kidole kikiwa kimeshakatika. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unataka wafanyakazi wapewe mafunzo ya usalama, na ibara ya 21 inasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kwa hiyo boss anayekukata hela ya buti na glavu anakwenda kinyume na mkataba huo. Juni 2022 mkataba huu uliingizwa kwenye ile ya msingi, maana yake nchi mwanachama inapaswa kuheshimu misingi yake hata kama haijauridhia.

Basi tatizo liko wapi? Mimi naliona kwenye sheria nyingine kabisa, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Sheria hiyo inamlinda mfanyakazi asiachishwe kazi kwa uonevu, na ukienda CMA mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuachisha kihalali. Vizuri sana. Lakini kifungu cha 35, kama kilivyotungwa, kinamtoa kwenye ulinzi huo mtu ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo.

Jamani, tufikirie. Nani haijui mashine? Mgeni. Nani anahitaji kusema "sijafundishwa, siigusi"? Mgeni. Na ndiye huyo huyo anayeweza kuambiwa "kesho usije" na asiwe na pa kushitaki kwa njia hiyo. Yaani tumeweka ulinzi pale ambapo mtu ameshajifunza kwa makovu.

Kwa sasa, ukipewa karatasi ya mafunzo ambayo hukufundishwa, andika kwa mkono pembeni ya saini yako: "Nimesomewa tu, mashine sijaonyeshwa." Weka tarehe, piga picha. Ukiogopa kuandika, nakuelewa, kodi ni kodi. Basi hata ujumbe kwa rafiki siku hiyo hiyo ukieleza kilichotokea unaweza kukusaidia baadaye. Na tunza tarehe ya siku ya kwanza, maana miezi sita kwa mwajiri mmoja huhesabiwa hata kama mikataba ilikuwa zaidi ya mmoja.

Kwa upande wa chama, napendekeza mambo mawili. Kifungu cha 35 kiongezewe maneno kwamba miezi sita haitamhusu aliyeachishwa kwa sababu ya kulalamikia usalama au kukataa kazi ya hatari ambayo hakufundishwa. Na karatasi ya mafunzo isiwe ushahidi mpaka iwe ya Kiswahili, itaje mashine kwa jina, na iwe na saini ya fundi aliyefundisha, ili naye awajibike.

Rasimu ina aya tatu, Katibu ameshaipata. Naomba mkutano huu uipeleke kwenye kamati ya sera kabla ya ilani mpya kuandikwa. Nipo tayari kwa maswali.