Usingizi wa Mkopo: Bangi kama Dawa ya Kulalia

Utangulizi

Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Colorado, Marekani, waliamua kwamba mtu mzima aruhusiwe kununua bangi bila cheti cha daktari. Maduka yakafunguliwa Januari 1, 2014. Baadaye watafiti waliwahoji wateja 1,000 katika maduka mawili ya jimbo hilo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Asilimia 74 walisema wanaitumia ili wapate usingizi. Kati ya hao, asilimia 84 walisema inawasaidia sana, na wengi wa waliokuwa wakimeza vidonge vya usingizi walikuwa wamevipunguza au kuviacha kabisa.

Majibu hayo hayafai kupuuzwa. Anayekesha akigeukageuka kitandani usiku baada ya usiku hana haja ya kudanganya kuhusu kinachomlaza. Hata hivyo, waliohojiwa ni watu waliokutwa dukani. Aliyejaribu bangi isimsaidie hakurudi dukani kuulizwa.

Hoja ya mada hii ni kwamba bangi humlaza mtu haraka siku za mwanzo, kisha humzoesha mpaka ashindwe kulala bila hiyo. Kushindwa huko ndiko anakokuchukulia kuwa uthibitisho kwamba dawa yake inafanya kazi.

Kinachotokea ubongoni

Kemikali ya bangi inayolevya, yaani THC, ilitengwa na kutambuliwa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni nchini Israeli. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani waligundua vipokezi vya ubongoni ambavyo kemikali hiyo hujishikiza navyo. Miaka minne baadaye ikajulikana kwa nini vipokezi hivyo vipo: mwili wenyewe hutengeneza kemikali inayovitumia, ikapewa jina la anandamidi. Mfumo huo unahusika na maumivu, hamu ya kula, hofu na usingizi. Ndiyo maana pumzi chache za bangi hugusa mambo mengi kwa pamoja.

Usingizi una hatua zake. Kuna usingizi mzito unaoupumzisha mwili, na kuna usingizi wa ndoto, ambao husaidia ubongo kupanga kumbukumbu na kutuliza hisia. Mwaka 1975 Irwin Feinberg na wenzake walionyesha kwamba THC kwa kipimo kikubwa hupunguza usingizi wa ndoto, na ikiachwa, ndoto hurudi kwa wingi kupita kawaida. Hii inaeleza kwa nini wavutaji wengi husema hawaoti, na kwa nini wanaoacha hulalamikia ndoto za kutisha.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2004, uliwachukua vijana wanane wenye afya njema na kuwapa miligramu 15 za THC usiku. Mashine hazikuonyesha mabadiliko katika usingizi wao wa usiku huo. Mabadiliko yalionekana asubuhi: walikuwa na usingizi zaidi na kumbukumbu zao zilidhoofika. Idadi hiyo ni ndogo, lakini inamkumbusha mhudumu wa afya kuuliza pia mgonjwa anaamkaje.

Njia ya kutumia nayo ina uzito wake. Moshi hufika ubongoni kwa dakika chache. Bangi inayoliwa katika peremende au keki huchukua kati ya nusu saa na saa mbili kabla ya kufanya kazi. Asiyejua hilo huona amekula kidogo, akaongeza, kisha vipimo vyote viwili vikamzidi kwa pamoja usiku wa manane, moyo ukimwenda mbio.

Deni linapodaiwa

Ubongo unaopokea THC kila usiku hupunguza mwitikio wake. Kipimo kilichotosha mwezi uliopita hakitoshi tena, naye mtumiaji huongeza.

Akiacha, tabu huanza ndani ya siku moja hadi tatu. Huwa na hasira, wasiwasi, jasho, chakula hakimpitii, na juu ya yote hapati usingizi. Dalili nyingi hupungua baada ya wiki mbili, ila usingizi unaweza kuendelea kusumbua kwa wiki kadhaa. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza hali hiyo katika mwongozo wao rasmi wa magonjwa.

Hapa ndipo kosa kubwa la hesabu linapotokea. Mtu huacha Jumatatu, hukesha Jumanne na Jumatano, na Alhamisi anavuta tena na kulala fofofo. Anahitimisha kwamba ana ugonjwa wa kukosa usingizi na bangi ndiyo tiba yake. Kumbe kilichomkosesha usingizi ni bangi ileile aliyoiacha.

Ushahidi unapoikubali, na unapoikataa

Haki itendeke pande zote. Mwaka 2017 taasisi ya kitaifa ya sayansi na tiba ya Marekani ilipitia tafiti nyingi. Ikaona kuna ushahidi wa wastani kwamba dawa zitokanazo na bangi huboresha usingizi kwa muda mfupi kwa watu wenye maumivu sugu au magonjwa ya mishipa ya fahamu. Wengi wa wagonjwa hao walitumia dawa ya kiwandani yenye kipimo kinachojulikana, na huenda walilala kwa sababu maumivu yalipungua.

Kwa wanaokatikiwa pumzi usingizini, chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani kilitamka mwaka 2018 kwamba bangi isitumike kuwatibu. Mtu anayekoroma sana na kuamka akitweta anahitaji uchunguzi wa njia ya hewa. Kwa vijana, na kwa familia zenye historia ya ugonjwa wa akili, hatari ni kubwa zaidi, kwani matumizi ya mara kwa mara ya bangi kali huambatana na ongezeko la magonjwa ya akili.

Nyumbani kwetu

Tanzania inakataza bangi kwa sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, na Kenya nayo kwa sheria ya mwaka 1994. Peremende iliyonunuliwa kihalali Denver, Colorado, ni kosa ikifika Dar es Salaam au Mombasa, hata kama ni zawadi kwa mama mzazi asiyelala. Msokoto wa mtaani nao hauna lebo: mnunuzi hajui una THC kiasi gani wala umechanganywa na nini.

Sheria hizohizo huwafanya wagonjwa wafiche. Mhudumu anayeanza kwa kukemea hataambiwa ukweli, naye ataandika dawa ya usingizi juu ya bangi asiyoijua.

Mapendekezo

Kwanza, kila anayelalamikia usingizi aulizwe kwa upole anatumia nini ili alale: bangi, pombe, vidonge au miti shamba.

Pili, itafutwe sababu. Sonona, maumivu, zamu za usiku, chai na kahawa za jioni, na kupumua kunakokatika vina tiba tofauti.

Tatu, itumike tiba iliyothibitishwa. Mwaka 2016 chuo cha madaktari wa Marekani kilipendekeza tiba ya kurekebisha mawazo na mazoea ya usingizi iwe chaguo la kwanza kwa watu wazima wenye tatizo sugu. Haihitaji mashine. Mgonjwa huamka saa ileile kila siku, hupunguza muda wa kukaa kitandani mpaka ulingane na saa anazolala kweli, huinuka usingizi ukigoma, na kitanda hukiachia kulala na unyumba tu. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuisimamia katika zahanati.

Nne, anayeacha bangi aelezwe mapema kwamba siku za kwanza zitakuwa ngumu na kwamba hali hiyo hupita. Apangiwe siku za kurudi kliniki ndani ya wiki mbili hizo za kwanza, kwa kuwa ndipo wengi hurudia kuvuta.