MEZA YA MKUTANO IPAMBWE KWA MAJANI YA VIHAMBA VYETU

(Maneno ya Katibu kwa wanaushirika. Yamebandikwa hapa ili na wale ambao hawakufika wayasome.)



Mkutano Mkuu unakaribia. Mahindi ya shamba la chini yameshavunwa na kahawa imeanza kuiva. Siku hiyo hesabu zitasomwa mezani mbele yetu sote. Sasa limetolewa wazo kwamba tukanunue maua ya plastiki mjini ili meza ipendeze. Sisi katika kamati tunasema hapana. Fedha ya maua hayo itatoka wapi? Itatoka kwenye mfuko wa chama, yaani kwenye kahawa yetu wenyewe. Na majani tunayo tele hapa Kilimanjaro. Basi tuelezane namna ya kuyapanga.

Kwanza, chombo. Tuchukue gogo la mgomba ambao mkungu wake umeshakatwa, urefu wa mkono mmoja. Tulipasue katikati kwa urefu, upande uliopasuliwa ulale chini, gogo lisibingirike. Gogo la mgomba lina maji ndani yake. Ukichomeka kijiti kinasimama, na majani hayanyauki upesi. Lakini utomvu wake ukigusa nguo, doa halitoki. Kwa hiyo liwekwe juu ya sinia, siyo juu ya kitambaa cha mama wa watu.

Pili, majani. Yakatwe jioni ya kuamkia mkutano, jua likishapoa. Vijiti vikatwe mshazari, vitiwe kwenye ndoo ya maji, vilale kivulini. Majani ya mgrivea yanafaa, maana chini yana rangi ya fedha. Majani ya mbuni yanang'aa vizuri, lakini tuchukue maotea tu, yale ambayo hata hivyo tunayaondoa shambani. Tawi lenye kahawa halikatwi. Jani lenye unga wa rangi ya chungwa chini yake lina ugonjwa wa kutu, libaki huko huko lisiambukize mashamba ya wengine. Na mbuni uliopigwa mrututu au dawa nyingine usiguswe, maana mezani patakuwa na chakula.

Tatu, mavuno. Katikati tuweke mahindi matatu yenye maganda yaliyokunjwa nyuma, masuke ya ulezi, na ndizi mbivu. Mtu akiingia aone kazi yetu ya mwaka.

Nne, hatari. Jamani, tusikilizane hapa. Mnyaa usiletwe kabisa. Maziwa yake yakiingia jichoni yanaunguza, na mtu anaweza kuumia vibaya. Mbarika nao usiletwe, hata kama vishada vyake vyekundu vinapendeza. Mbegu zake ni sumu, na watoto hupenda kuziokota na kuzitafuna.

Tano, ndilo kubwa: masale. Wote tunajua kazi ya jani la sale. Mtu akimkosea mwenzake, hupeleka jani hilo kuomba msamaha, na si rahisi aliyepelekewa kukataa. Siku ya hesabu maneno huwa makali. Mmoja anauliza kilo zake, mwingine anauliza makato. Kwa hiyo tunataka majani ya sale yawepo mezani, kila anayesimama kusema ayaone kwanza.

Lakini sale ni mpaka pia. Na sale ni mti usiokufa upesi, kipande cha shina ukikichomeka ardhini kinaota. Mnaelewa tunachosema. Mtu akikata mashina usiku kwa kisingizio cha mapambo, kesho mpaka unaweza kuwa umehama, na jani la amani limeleta kesi barazani. Kesi za namna hiyo tunazijua, zinakula siku za palizi na zinagawa ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo kamati imeamua hivi: yachumwe majani tu, shina lisiguswe. Yasizidi majani mawili kwa kila mti. Na yachumwe mchana, majirani wa pande zote mbili wakiwepo. Kama majirani hao hawasemezani, basi pengine huo ndio mwanzo mzuri wa kusemezana.

Mwisho, kimo. Mapambo yasizidi shubiri moja kutoka mezani. Meza ya mkutano ni ya kuonana. Aliyekaa nyuma kabisa lazima aone uso wa Mwenyekiti, na aone mkono wa Mweka Hazina anapofungua daftari. Pambo linaloficha daftari hatulitaki, hata likipendeza namna gani.

Kazi tugawane. Akina mama watapanga meza. Vijana wataleta gogo, maotea na mgrivea. Wazee watasimamia uchumaji wa masale. Mkutano ukiisha, gogo litakatwakatwa ng'ombe wale, na mahindi yatarudi kwa wenyewe.

Anayejua kusoma amsomee jirani yake ambaye bado. Na wale tulio nao darasani jioni, somo la kesho tutalisomea hapa hapa ukutani.



Katibu