Simu ya ndugu yako njo inakuonyesha

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, hapa Sakania, na mfanyakazi wa shirika linalotembea pamoja na chama chetu. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili.)

Mama mwenyekiti aliniomba nizungumze dakika kumi juu ya simu. Nikamwambia kumi hazitoshi. Akajibu: "Basi kumi na tano, lakini usituletee Kifaransa cha iniversite." Nitajaribu.

Nitaanza na habari ya mmoja wetu. Amenipa ruhusa, na nimebadilisha mambo kadhaa ili hata jirani yake asimtambue. Tafadhali, msianze kutazamana.

Mama huyu alirudi kutoka upande wa Copperbelt. Aliacha kule mwanaume aliyekuwa akimpiga, na siku ya mwisho yule mwanaume alimwambia: "Hata uvuke mupaka, nitakufwata tu." Alifika hapa na watoto wake na mfuko mmoja. Puce ya Zambia akaitupa, akanunua mpya ya Kongo, akafungua Facebook nyingine kwa jina la nyanya yake. Mahali pa picha aliweka ua. Hakumwandikia mtu yeyote wa kule. Mimi naona alifanya karibu yote ambayo mtu mwenye akili angefanya.

Juma la tatu, jioni, anafungua simu, anaona ile safu ya sura ambazo Facebook inakuambia: labda unawajua hawa. Sura ya nne ilikuwa ya yule mwanaume.

Alizima simu. Lakini mnaelewa shida: kama Facebook imemwonyesha mama sura ya mwanaume, inaweza pia kumwonyesha mwanaume lile ua. Siku mbili baadaye ujumbe ukaingia: "Ua muzuri. Sakania iko karibu tu na Ndola."

Hapa ndani ya chama maneno yakaanza. Wengine walisema ni bulozi. Wengine walisema, na hawa njo walimuumiza zaidi kuliko ule ujumbe: "Yeye mwenyewe alimwandikia, bado anamupenda." Nataka leo tumalize maneno hayo, kwa sababu nilikaa naye na dada yake, tukazitazama simu zote mbili.

Ile safu ya sura Facebook iliianzisha mwaka 2008. Kampuni yenyewe inasema inatazama marafiki mlio nao pamoja, vikundi mlimo, picha ambamo mmetajwa pamoja, shule na kazi mlizoandika, na vitabu vya namba ambavyo watu wameipa. Hicho cha mwisho ndicho nataka tukae juu yake. Ukiweka Facebook au Messenger katika simu mpya, inakuuliza kama inaweza kusoma namba zako. Mtu ana haraka, anabonyeza ndiyo. Kuanzia hapo majina na namba zote za simu yako zinanakiliwa na kwenda kwenye kompyuta zao: ya padri, ya muuza mkaa, ya mtoto wako, ya shemeji. Hao hawakuulizwa chochote.

Dada ya huyu mama anakaa Lubumbashi. Katika simu yake tulikuta namba mpya ya mama, na tulikuta pia namba ya yule mwanaume, ameiandika "Shemeji", tangu zamani. Hakuwa ameifuta. Kwa nini aifute? Hakuna aliyemwambia. Na alikuwa amebonyeza ndiyo. Basi kompyuta inaona: huyu dada anajua namba hii na namba ile, labda wenye namba hizi mbili wanajuana. Haijui kwamba mmoja anamkimbia mwingine. Kwake wote ni marafiki ambao hawajakutana.

Na lile jina la nyanya? Mwanaume alikaa naye miaka tisa, jina la nyanya analijua.

Msidhani ni sisi tu wa mpakani. Mwaka 2016 mwandishi wa habari wa Marekani, Kashmir Hill, aliandika juu ya daktari mmoja wa magonjwa ya akili. Wagonjwa wake, watu wasiojuana hata kidogo, walianza kuonyeshwa mmoja kwa mwingine na Facebook. Daktari alisema hakuwa ameipa Facebook namba zao. Na mwaka 2021 namba za simu za watu zaidi ya milioni 500 zilikutwa zimemwagwa kwenye intaneti. Zilipatikana kupitia kile kifaa cha kumtafuta rafiki kwa namba yake: watu wabaya waliingiza namba kwa mamilioni, na Facebook ikawajibu ni za nani. Mwaka 2022 wakubwa wa ulinzi wa habari za watu kule Ireland waliitoza kampuni faini ya euro milioni 265.

Sasa, kuna baba mmoja hapa, mnamjua, atakayeinua mkono aniambie: "Lakini mimi nilimpata mdogo wangu kwa njia hiyo hiyo." Ni kweli. Wengi wetu tulitawanyika, kuna waliopitia kambi za Kala na Mwange, kuna waliotoka Mantapala juzi juzi, na kuna familia zilizopatana tena kwa sababu sura fulani ilitokea katika safu ile. Nililia siku ile baba alipozungumza na mdogo wake. Kwa hiyo sisemi mfunge Facebook. Nasema kila mmoja aamue anataka kupatikana na nani, na asimwamulie mwenzake.

Kwanza kabisa, na hili ndilo lingemsaidia yule mama siku ya kwanza: mfungie mtu kabla hajakuona. Usingoje akutafute. Ukifungua ukurasa mpya, jambo la kwanza nenda ku paramètres, andika jina lake, mfungie. Mfungie pia kaka yake na rafiki yake wa baa. Facebook haiwapelekei taarifa. Mtu uliyemfungia haonyeshwi kwako, nawe huonyeshwi kwake. Anaweza kufungua ukurasa mwingine, ndiyo, njo maana si dawa ya yote.

Kisha ile orodha ya namba. Ndani ya Facebook kuna mahali pa kuzima kunakili namba, na mahali pengine pa kufuta zile zilizokwisha kunakiliwa. Messenger ina pake. Kuzima bila kufuta ni kufunga mlango mwizi akiwa ndani. Halafu pale wanapouliza nani anaweza kukutafuta kwa namba yako, weka "mimi peke yangu". Orodha ya marafiki zako pia, mimi peke yangu. WhatsApp: picha ionekane na watu wa kitabu chako tu, na wao tu waweze kukutia katika kikundi.

Lakini mmeona: mama angefanya yote hayo, na dada yake asingefanya lolote, namba yake ingekwenda tu. Kwa hiyo unapokuwa na mtu wa kumkimbia, waite ndugu wanne watano wa karibu, waambie wafute namba ya yule mtu na wazime kunakili. Ni aibu kidogo kueleza, najua. Na kaye ya cabine, ile unapoandika namba ukinunua mayunite, mtu yeyote anaisoma. Taja namba kwa sauti ndogo, au mwombe muuzaji aikate ukimaliza.

Sasa nije kwetu, na kwangu. Yule mwanaume alijuaje kwamba ni Sakania? Ua halisemi. Lakini kati ya marafiki wa ukurasa wa mama kulikuwa na wanachama wetu wawili, na kwenye ukurasa wa mmoja kulikuwa na picha ya mafunzo ya kutengeneza sabuni. Mbele yuko mama, anacheka, na maandishi chini yanataja majina na mji. Picha ile niliipiga mimi. Maandishi niliyaandika mimi, kwa sababu ripoti ilihitaji picha, na ilikuwa picha nzuri. Niliwauliza bamama kama wanakubali kupigwa, wakasema ndiyo. Sikuwauliza kama kuna mtu ambaye hapaswi kujua wako wapi. Ni maswali mawili tofauti.

Wafadhili wetu mnaosoma, naomba mnivumilie. Mnataka kuona feza yenu imefanya nini, na ni haki yenu. Kuanzia sasa mtaona mikono, masufuria, sabuni iliyokauka, migongo ya watu. Anayetaka sura yake ionekane ataonekana, kwa jina analochagua, na mji hautaandikwa. Mkija wenyewe mtatuona sote. Katika chama pia, kikundi kile kikubwa cha WhatsApp kinaonyesha namba ya kila mtu kwa kila mtu, na sisi tuko zaidi ya mia moja ndani. Ofisi imekubali kwamba matangazo yatatumwa na mtu mmoja kwa orodha, na atakayetaka atabaki kwenye kikundi. Karatasi ya likelemba yenye namba haipigwi picha tena.

Na kama mtu ameanza kukufwata tayari: usifute ujumbe. Najua mkono unataka kufuta. Piga picha ya kioo, na tarehe ionekane, mtumie mtu mmoja unayemwamini, kisha ndipo umfungie. Usimjibu hata kwa matusi, jibu ndilo anatafuta. Kongo tuko na sheria, Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, na inaadhibu kumsumbua mtu kwa njia ya simu na intaneti. Siwezi kuahidi kwamba kesi itakwenda haraka, na mtu akikaa upande wa pili wa mpaka mambo ni magumu zaidi. Lakini bila zile picha hakuna pa kuanzia. Ukihitaji mtu wa kukusindikiza kufungua mashtaka, mimi au mama mwenyekiti tutakwenda nawe, na nauli iko kwenye kasha la dharura.

Jumamosi saa tatu nitakuwa hapa chini ya mwembe. Leteni simu zikiwa na moto, tutafungua paramètres pamoja, mmoja mmoja. Sitasoma ujumbe wa mtu, simu itabaki mikononi mwako.

Yule mama bado yuko kati yetu, na amenituma niseme jambo moja: mkiona ukurasa wake umetokea katika ile safu, msimwombe urafiki. Njooni nyumbani mmusalimie.